Afya Yetu: Mgonjwa wa Ini Anapochanganyikiwa

Ndugu msomaji, mwezi huu tunazungumza juu ya ini na matumbo. Wengi wetu tunajua kwamba ini linaweza kuugua. Lakini si wengi wanaojua kwamba vijidudu vinavyokaa matumboni vina sehemu kubwa katika ugonjwa huo. Vinaweza kumfanya mgonjwa wa ini aseme maneno yasiyo na maana, apotee njia ndani ya kijiji chake mwenyewe, na mwisho alale asiamke. Jambo hili huwatisha watu. Pia huvunja nyumba, kwa sababu watu huanza kutafuta mchawi.

Tutoe mfano. Mzee mmoja anaugua ini kwa muda wa miaka miwili. Macho yake yamekuwa manjano. Miguu imevimba na tumbo limejaa maji, lakini mikono imekonda sana. Hata hivyo akili yake ni timamu. Anajua hesabu ya mbuzi wake wote na deni la kila jirani. Halafu wiki moja anakosa choo siku nne. Anaanza kulala mchana na kukesha usiku. Ukimwuliza jambo, anajibu polepole kama mtu aliyetoka usingizini. Siku ya tano anavaa shati la mwanawe na kulifunga vifungo kombo. Anamwita mkewe kwa jina la mama yake, ambaye alifariki zamani.

Ndugu wanakutana. Mdogo wake anasema, "Kaka amerogwa." Shangazi anamtazama mke wa mgonjwa kwa jicho baya. Wanataka kumpeleka kwa mganga wa kupiga ramli. Kwa bahati, kijana mmoja amekwenda kumwita muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo, mama," anasema muuguzi.

"Marahaba, mwanangu. Mzee wetu ameharibikiwa."

"Pole sana, mama. Mzee alipata choo mara ya mwisho lini?"

Watu wote wanashangaa. Wameita mtu wa tiba aje kutazama kichwa, naye anauliza habari za choo!

"Tangu Jumapili hajapata," anajibu mama.

Muuguzi anamwomba mzee anyooshe mikono mbele na kuinua viganja, kama askari wa barabarani anayesimamisha basi. Viganja vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, kama mabawa ya ndege.

"Mama, naona dalili za sumu ya matumboni kupanda kichwani," anasema muuguzi. "Nitampima malaria na sukari sasa hivi. Lakini leo hii lazima tumpeleke hospitali."

Je, muuguzi huyo alijua nini ambacho wengine hawakukijua?

KAZI YA INI

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Siku mtakapochinja mbuzi, tazameni vizuri kabla ya kulikata. Mtaona mshipa mnene unaoingia kwenye ini kutoka upande wa matumbo. Sisi watu tunao mshipa kama huo.

Damu inayotoka matumboni haiendi kwenye moyo moja kwa moja. Kwanza hupita kwenye ini. Karibu robo tatu ya damu yote inayoingia kwenye ini huletwa na mshipa huo, kutoka matumboni na kwenye bandama. Damu hiyo imebeba chakula tulichokula. Lakini imebeba na taka. Ini ni kama karani wa ghala la ushirika. Kila gunia linaloletwa hufunguliwa mbele yake. Kizuri hupokelewa na kuwekwa. Kibovu hutengwa kisiingie ghalani.

Basi karani huyo akiugua, magunia hayaachi kuja. Yataendelea kuja usiku na mchana, wala hakuna wa kuyakagua.

BAKTERIA WA MATUMBONI

Ndani ya matumbo ya kila mtu, mzima na mgonjwa, wanaishi viumbe wadogo sana. Hatuwezi kuwaona kwa macho. Wanaitwa bakteria. Wengi wao wanakaa katika utumbo mpana, yaani sehemu ya mwisho ambako choo hutengenezwa. Mwaka 2016 wataalamu walikadiria kuwa mwili wa mtu mmoja una bakteria trilioni 38 hivi. Trilioni moja ni milioni moja mara milioni moja. Huwezi kuwahesabu, hata ukisaidiwa na kijiji kizima.

Tusiwachukie. Wanatusaidia kusaga nyuzinyuzi za mboga na nafaka ambazo matumbo yetu peke yake hayawezi kuzisaga. Wanatengeneza vitamini fulani. Wanawazuia vijidudu wabaya wasipate nafasi. Mtoto huanza kuwapata mara tu anapozaliwa, nao hukaa naye mpaka anapozeeka.

Lakini kila anayekula hutoa taka. Bakteria hawa wanapokula mabaki ya nyama, maharage, maziwa na vyakula vingine vya kujenga mwili, wanatoa hewa iitwayo amonia. Wewe unaijua amonia hata kama hukujua jina lake. Ingia asubuhi katika banda la kuku lisilofagiliwa. Harufu ile inayochoma pua na kutoa machozi ndiyo amonia.

Amonia ni sumu kwa ubongo. Kwa mtu mzima haileti taabu, kwa sababu ini huikamata na kuigeuza kuwa kitu kingine kiitwacho urea. Ndiyo urea ileile ya mfuko wa mbolea. Urea haina ukali kama amonia, nayo hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Kazi hii hufanyika kila saa na sisi hatuna habari.

INI LENYE MAKOVU

Ini likiumizwa kwa miaka mingi, hupata makovu. Kovu la ini ni kama kovu la jeraha kwenye mguu. Ni gumu na halifanyi kazi. Makovu yakizidi, ini hukakamaa na kusinyaa.

Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja. La kwanza, sehemu nzima iliyobaki ni ndogo, haiwezi kugeuza amonia yote. La pili ni la njia. Damu ya matumboni inafika kwenye ini na kukuta mlango umebana. Unajua maji ya mfereji yakizibwa yanafanyaje. Yanajaa, kisha yanatafuta pa kupitia kando. Damu nayo hufanya hivyo. Inapanua mishipa midogo ya pembeni na kulipita ini bila kukaguliwa. Amonia ikiwa ndani ya damu hiyo, inakwenda mpaka kwenye moyo, na kutoka hapo mpaka kwenye ubongo. Mtu anachanganyikiwa.

Jambo hili lilijulikana kwanza kwa mbwa. Mwaka 1877 daktari mmoja wa Urusi, Nikolai Eck, aliwapasua mbwa na kuunga ule mshipa mkubwa ili damu ipite kando ya ini. Mwaka 1893, katika mji wa Saint Petersburg, wataalamu Ivan Pavlov na Marcel Nencki pamoja na wenzao walieleza yaliyowapata mbwa wa namna hiyo. Walipokula nyama, walibadilika tabia. Walikuwa wakali, wakayumba, wakawa kama vipofu, wengine wakazimia. Nyama ile haikuwa mbaya. Mbwa wengine waliila bila kudhurika. Tofauti ilikuwa ni ini kutopitiwa na damu.

Hakuna aliyewaroga mbwa wale.

Katika miaka ya 1950, daktari Sheila Sherlock na wenzake katika mji wa London waliwachunguza watu wenye ini lenye makovu. Waliona hali ileile. Madaktari wa miaka hiyo wakajaribu kuwapa wagonjwa dawa za kuua bakteria wa matumboni. Wagonjwa kadhaa wakarudiwa na akili zao. Hapo ikaonekana wazi kwamba ugonjwa uko kwenye ini, dalili ziko kichwani, lakini sumu inatoka matumboni.

KINACHOAMSHA HALI HII

Mgonjwa anaweza kukaa miezi mingi na akili timamu, kisha akabadilika kwa siku mbili tu. Mara nyingi kuna jambo lililochochea. Yafaa tulitafute.

Kukosa choo ni jambo la kwanza la kuuliza. Choo kikikaa siku nyingi, bakteria wana muda mrefu wa kutoa amonia, nayo ina muda mrefu wa kuingia kwenye damu.

Kutoka damu ndani ya tumbo ni hatari zaidi. Ile mishipa ya pembeni iliyopanuka, mingine iko kwenye njia ya chakula. Kuta zake ni nyembamba, nazo zinaweza kupasuka. Mgonjwa hutapika damu, au hupata choo cheusi kama lami. Damu hiyo iliyomwagika matumboni ni chakula cha bakteria kama nyama ilivyo. Kwa hiyo mgonjwa anapungukiwa damu na kupata sumu kwa wakati mmoja. Ukiona damu au choo cheusi, usingoje kuona kama atachanganyikiwa. Tafuta gari saa hiyohiyo.

Mengine ni maambukizo, kama homa ya mapafu. Pia kuharisha au kutapika mpaka maji ya mwili yanakwisha. Vidonge vya kupunguza uvimbe, vikizidi kipimo, huleta jambo hilohilo. Dawa za usingizi ni mbaya kwa mgonjwa huyu. Watu wengine, wakiona mzee hakulala usiku, hununua dukani dawa ya kumlaza. Anaweza kulala moja kwa moja. Na pombe, hata kidogo, haifai kabisa.

Tunaongeza neno hapa. Si kila mgonjwa wa ini anayechanganyikiwa ana sumu ya matumboni. Malaria kali huchanganya akili. Sukari ya damu ikishuka sana huchanganya akili. Kuanguka na kugonga kichwa pia. Ndiyo maana lazima apimwe. Nyumbani hatuwezi kutofautisha mambo haya kwa macho.

DAWA TAMU

Mwaka 1966 daktari Johannes Bircher na wenzake walitangaza dawa ambayo inatumika mpaka leo. Inaitwa laktulosi. Ni maji mazito na matamu. Imetengenezwa kwa aina ya sukari ambayo matumbo yetu hayawezi kuisaga. Kwa hiyo inashuka yote mpaka kwenye utumbo mpana. Huko bakteria wanaipata na kuila. Wanapoila wanatoa asidi, yaani uchachu. Uchachu huo unaigeuza amonia ili isiweze kupenya kwenda kwenye damu. Inabaki kwenye choo na kutoka nje. Tena dawa hii huvuta maji na kulainisha choo, hivyo mgonjwa hakai na taka.

Tazama jinsi ilivyo. Hatukuwaua bakteria. Tumewapa chakula kingine, na taka yao imekuwa ya msaada.

Kipimo cha laktulosi hakifanani kwa watu wote. Daktari hutafuta kipimo kitakachompa mgonjwa choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Akipata mara moja tu, pengine dawa haitoshi. Akienda mara sita au saba na choo ni maji matupu, dawa imezidi. Huko kuharisha kutamkausha mwili na kumchanganya upya. Watu wengine huacha dawa kwa sababu tumbo linajaa hewa na kunguruma. Ni kweli inakera. Mwambie daktari akurekebishie kipimo, usiiache bila shauri lake.

Sasa tusikie vizuri. Mtu akisoma kwamba choo ni muhimu, anaweza kukimbilia mizizi ya kuharisha. Msifanye hivyo. Dawa kali za kuharisha hukausha mwili, na mizizi mingine yenyewe ni sumu kwa ini. Vilevile, mgonjwa aliyezimia asinyweshwe kitu chochote, hata maji. Kitaingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu, mumpeleke hospitali. Huko wanaweza kumtilia dawa kwa njia ya haja kubwa au kwa mpira wa puani.

Kuna dawa ya pili, rifaksimini. Hii ni kidonge kinachowapunguza bakteria, nacho hakiingii sana kwenye damu. Mwaka 2010 zilitangazwa habari za wagonjwa 299 waliowahi kuchanganyikiwa na kupona. Walifuatwa kwa miezi sita, na wengi wao walikuwa wanatumia laktulosi pia. Kati ya waliopewa rifaksimini, watu 22 katika kila 100 walichanganyikiwa tena. Kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, walikuwa 46 katika kila 100. Ni msaada mkubwa. Lakini bei ya dawa hii ni kubwa kwa familia nyingi, na laktulosi bado ndiyo ya kwanza.

Si kila zahanati ina laktulosi. Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajatoka hospitali, ulizeni dawa itapatikana wapi ikiisha. Msingoje chupa iwe tupu.

MSIMNYIME CHAKULA

Jambo hili linatuuma sana, maana wagonjwa wengi wameteseka bure. Zamani madaktari wenyewe waliogopa kumpa mgonjwa huyu nyama, mayai na maharage. Waliwaza hivi: vyakula hivi huleta amonia, basi tuvikate. Walisahau kwamba misuli ya mwili nayo husaidia kuondoa amonia kwenye damu. Mtu akinyimwa chakula cha kujenga mwili, misuli hukonda, na amonia huzidi kubaki.

Mwaka 2004 madaktari wa mji wa Barcelona, nchini Hispania, waliwalinganisha wagonjwa waliochanganyikiwa. Wengine walipunguziwa vyakula vya kujenga mwili, wengine walipewa kama kawaida. Waliopewa kama kawaida hawakuzidiwa na ugonjwa. Tangu hapo shauri limebadilika. Lakini bado vijijini tunasikia, "Mgonjwa wa ini asile yai. Mpeni uji mtupu." Hapana. Mpeni maharage, choroko, maziwa, mayai, dagaa na samaki. Mpeni kidogokidogo mara nyingi, na kitu cha kula kabla ya kulala, kwa sababu ini bovu haliwezi kuweka akiba ya usiku kucha.

Kinachopaswa kupunguzwa ni chumvi, kama tumbo au miguu imejaa maji. Ng'onda ina chumvi nyingi, haifai. Mtindi je? Mtindi ni chakula kizuri, na anayeupata ale. Lakini usinunue "mtindi wa dawa ya ini" kutoka kwa mtu anayepita na baiskeli.

MAJI YA TUMBO YANAPOINGIWA NA BAKTERIA

Mpaka sasa tumesema juu ya taka za bakteria. Lakini bakteria wenyewe nao wanaweza kusafiri. Katika ugonjwa wa ini, kuta za matumbo hudhoofika na kuvuja. Bakteria wachache wanapenya. Mtu mwenye ini zima huwakamata. Mwenye ini bovu hashindani nao vizuri, na kama ana maji tumboni, wanaweza kuzaliana humo kama katika dimbwi.

Dalili ni homa, tumbo kuuma ukilibonyeza, na kuchanganyikiwa. Wakati mwingine mgonjwa hana homa, ila anaonekana tu kuwa amelegea kuliko jana. Hospitalini huchota maji kidogo kwa sindano na kuyapima. Wakiona chembe nyeupe nyingi, humpa dawa ya kuua bakteria mara moja. Watu wengi wanaogopa sindano hiyo. Husema, "Ukishatobolewa tumbo, hurudi." Ukweli ni kwamba wengi wao hupelekwa wakiwa wamechelewa sana, ndipo sindano husingiziwa. Maji hayo yakingoja siku tatu nyumbani, mtu anaweza kufa.

POMBE NA MENGINE

Pombe huliumiza ini yenyewe kwa yenyewe. Pia hulegeza kuta za matumbo ili uchafu upenye. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzao wa nchi nyingine, walitangaza habari ya kutisha. Waliwapima watu ambao ini lao liliwaka kwa sababu ya pombe. Baadhi yao walikuwa na aina ya bakteria anayetengeneza sumu ya kuharibu chembe za ini. Katika muda wa siku 180, kati ya kila 100 wenye sumu hiyo walikufa 89. Kati ya wasio nayo, walikufa karibu 4 katika kila 100. Wote walikuwa wanywaji. Bakteria wa matumboni ndio walioonyesha tofauti.

Tusidhani basi kwamba mlevi anaweza kutafuta bakteria wazuri akaendelea na gongo. Bado hakuna dawa ya namna hiyo dukani, na ini linalowaka linahitaji pombe iachwe.

Mwanzo wa makovu si pombe peke yake. Katika nchi zetu, virusi vya homa ya ini B ni sababu kubwa. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na ugonjwa ukaonekana miaka 30 au 40 baadaye. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Kwa hiyo watu wengi waliozaliwa kabla ya mwaka huo hawakuipata, nao waulize juu ya kipimo. Kando ya Ziwa Victoria kuna pia kichocho cha tumbo. Mayai ya mnyoo huyo hukwama kwenye ini, huziba njia ya damu, na mtu hutapika damu. Unene na kisukari navyo hujaza ini mafuta, na siku hizi wagonjwa hao wanaongezeka.

KUHAMISHA CHOO

Kuna habari nyingine ambayo wengine watacheka. Kwa kuwa bakteria wa mgonjwa wameharibika, wataalamu walijiuliza kama wanaweza kumpa bakteria wa mtu mzima. Bakteria hao wanapatikana wapi? Kwenye choo. Mwaka 2017, katika jimbo la Virginia, Marekani, daktari Jasmohan Bajaj na wenzake walichagua wanaume 20 wenye ugonjwa huu. Kumi waliuawa bakteria wao kwa dawa, kisha wakatiliwa kwa njia ya haja kubwa choo cha mtu mzima kilichopimwa na kusafishwa. Kumi walitibiwa kwa kawaida. Katika miezi mitano iliyofuata, hakuna aliyechanganyikiwa kati ya wale waliotiliwa. Kati ya wengine kumi, watano walichanganyikiwa tena.

Lakini watu 20 ni wachache. Na mwaka 2019 Marekani ilitangaza kwamba wagonjwa wawili waliopewa choo cha mtoaji mmoja waliambukizwa bakteria asiyesikia dawa nyingi. Mmoja wao alikufa. Kwa hiyo bado ni jambo la kuchunguzwa hospitalini. Asitokee mtu wa kulijaribu nyumbani kwake!

DAFTARI LA MGONJWA

Tumalizie na kazi ambayo msomaji wa gazeti hili anaiweza. Nunua daftari dogo. Kila siku andika tarehe, halafu mgonjwa amepata choo mara ngapi, amemeza dawa mara ngapi, amelala usiku au mchana. Daktari akiona daftari hilo, atapanga dawa vizuri kuliko akisikia tu, "Anaendelea hivyohivyo."

Kuna kipimo kingine cha zamani ambacho hakina gharama. Madaktari waligundua kwamba sumu hii huharibu mwandiko kabla ya kuharibu maneno. Mtu anaongea vizuri, anasalimia watu, lakini mkono wake hauwezi tena kupanga herufi. Wengine walimpa mgonjwa njiti za kiberiti atengeneze nyota, nao wakatazama kama anaweza.

Basi kila asubuhi, baada ya uji, mpe mgonjwa kalamu aandike jina lake kwenye daftari, chini ya jina la jana. Kama hajui kuandika, achore nyumba yenye mlango, au atengeneze nyota kwa njiti. Usimsaidie wala usimkosoe. Linganisha ya leo na ya jana. Herufi zikianza kupandana, au mstari ukishuka kuelekea chini ya ukurasa, mwulize habari za choo, mtazame viganja, na mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo pamoja na daftari lake.